Vitabu Sabini na Viwili Nilivyovifuta Tudor

Shule niliiacha darasa la sita, na leo nina maduka mawili ya friji na pangaboi hapa kisiwani. Nayasema mapema usije ukadhani nilibebwa. Hata tovuti ya vitabu niliijenga mwenyewe, kwa kuangalia video kwenye simu, nimekaa barazani kwetu Kibokoni.

Watu wengi huweka orodha ya vitabu walivyosoma kwenye tovuti moja kubwa ya ng'ambo. Nilipoichungulia nikacheka. Mtu abonyeza tu kwamba amemaliza, na hapana amwulizaye. Sisi utotoni, chuoni kwenye Kurani, hatukuvuka sura kwenda nyingine mpaka tumsomee mwalimu. Basi kwenye tovuti yangu, kitabu hakihesabiwi mpaka mwanachama mwingine aliyekisoma akuulize swali, nawe ujibu. Nikajiona nimewapiga bao wakubwa wote.

Wanachama tulikuwa kumi na wanane. Kumi na wanne waliletwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Tudor, mwanamke aliyewasomesha wote. Mimi nilijiandikia vitabu sabini na vitatu. Sheria ya maswali haikunigusa. Tovuti yangu, nani aniulize?

Siku moja mwalimu akamaliza riwaya nene, akaomba swali. Tovuti ikatafuta aliyeisoma, ikanipata mimi peke yangu. Jalada nilikuwa nimeliona: mwanamke amejitwika kikapu. Nikamwandikia kwa madaha: "Yule mwanamke wa kikapu, waonaje, alitenda haki?"

Jibu lilikuja chai yangu haijapoa. "Mwanamke gani? Humu mna wanaume watatu gerezani, tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nahamia kule kwa wakubwa. Kule mtu hujidanganya mwenyewe tu."

Akihama, wanafunzi wake wangemfuata. Ningebaki mimi na shemeji zangu wawili, waliojiunga kwa kunionea haya. Nikanunua ratili ya halua, nikapanda tuktuk mpaka kwake.

"Masalkheri, mwalimu."

"Akheri. Halua ya nini? Umekhitimu kitabu gani?"

"Nimekuja kukutaka radhi. Usihame."

"Toa simu. Tuitazame hiyo orodha yako."

Akauliza cha kwanza, nikakohoa. "Futa," akasema. Cha pili nikadai nilikisoma zamani.

"Nani alikufa?"

"Watu wengi, mwalimu."

"Futa."

Tulikwenda hivyo mpaka kidole gumba kikaniuma. Mumewe alipita, akanitazama, akarudi zake ndani bila kunisalimu.

Kikabaki kimoja, kitabu cha kutengeneza friji, nilichokisoma mara tatu nikiwa mchukuzi kwenye duka la watu. Akauliza kwa nini friji yake hujaa barafu nyuma. Nikamjibu. Nikazidi kumjibu. Nilikuwa nimeshafika kwenye gesi na mabomba yake aliponyanyua mkono.

"Yatosha, bwana mkubwa. Hiki umekisoma. Una kitabu kimoja."

"Na kuhama, je?"

"Riwaya yangu bado yangoja swali. Isome, kisha uniulize swali la mtu aliyesoma. Mwezi wa Shaaban ukiisha sijalipata, nahama na wanafunzi wangu."

Halua aliichukua, usinielewe vibaya.

Riwaya yenyewe ina kurasa mia nne. Mimi husoma kwa kidole, tena kwa sauti ya kughani kama chuoni, na mzee mmoja aliyekuwa akipita barazani akaitikia amina kwenye ukurasa wa wezi. Nilipofika katikati nikashindwa kungoja mwisho. Nikamwandikia: "Mwalimu, huyu mfungwa wa pili ufunguo anao tangu sura ya nne. Mbona hatoki?"

Siku nzima nikawa nachungulia simu. Nikasema basi, nimeulizia kikapu tena. Nikakosa hata hamu ya kujisifu dukani, na wateja wakaniuliza kama naumwa.

Kesho yake baada ya alasiri akajibu: "Hilo lilinisumbua hata mimi, nikaogopa kwamba sikuelewa. Nimerudi kuisoma riwaya upya. Nipe siku mbili nikujibu."

Nikafungua ukurasa wake kwenye tovuti yangu. Yumo bado.