Chuma Kisichofika Masikioni mwa Baba

Mwaka ule baba alipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Kabuku, nilirudi likizo kutoka chuo kikuu nikiwa hoi. Nilikuwa naandika tasnifu juu ya uchambuzi wa Fourier, ile hesabu ya kuvunja umbo lolote kuwa mawimbi, ya taratibu na ya kasi. Nilitaka kujua, ukiyafuta ya kasi, umbo linaweza kurudi? Kwa miezi jibu lilikuwa lile lile: hapana. Nililichoka.

Nyumbani nikakuta baba anaitwa mtoro. Siku za shamba la kijiji hazikuwa na mpango. Mwenyekiti akiamua, aligonga kipande cha reli alfajiri na watu wakatoka. Baba, aliyeishi peke yake tangu mama afariki, alibaki ndani. Akikosa tena, walisema, asitegemee mgawo wa mahindi. Baba, mtoro! Mtu aliyezeekea kwenye korona, mashine ya kusaga mkonge kule Korogwe, yenye kelele za kutoboa masikio!

Nilipomwita kwa sauti nyembamba, hakugeuka. Nilipokohoa kwa kifua, akageuka. Nikaelewa, na ikaniuma. Mlio wa chuma karibu wote ni mawimbi ya kasi, na korona ilikuwa imeshayafuta masikioni mwake.

Nikaenda kwa mwenyekiti.

"Shikamoo mzee. Baba si mvivu, hasikii mlio mwembamba. Tafuteni kitu chenye sauti nzito."

"Marahaba. Hilo tu, mwanangu? Atasikia."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa milimani, Dindira. Hakujua kwamba kwetu ngoma kubwa ikilia alfajiri, kuna msiba. Alfajiri iliyofuata akaipiga kuita watu shambani. Wanawake wakatoka wakilia, na wa kwanza kufika uwanjani alikuwa baba, jembe begani, tayari kuchimba kaburi.

"Nani katutoka?"

"Hakuna, mzee. Ni kazi tu."

Watu walikasirika sana, na chuma kikarudi. Kikigongwa, mimi nilikuwa namgusa baba bega, naye anachukua jembe na kwenda. Mgawo wake ukasalimika.

Likizo ikaisha. Alfajiri ya safari nilimgusa bega nimuage. Akaamka, akachukua jembe, akatoka bila kugeuka. Nikamwita. Kwa uchovu, sauti ilinitoka nyembamba.