Kiganja Juu ya Majivu

Kila asubuhi, kabla ya kumwaga majivu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, huwa ninayawekea kiganja. Mama hunicheka. Anasema majirani wa hapa Murara, mtaa wetu wa Goma, watadhani binti yake amerukwa na akili, mwanamke mzima, mwalimu wa historia, anapapasa jiko kama mtu aliyepoteza pete. Hucheka, lakini hajawahi kuniambia niache. Alikuwepo siku nilipoanza.

Mimi na mama tulikuwa tumepanda mlima hadi kijiji cha Kibumba kuvuna viazi vyake. Nilikwenda shingo upande, kwa sababu habari za barabara ya Rutshuru hazikuwa nzuri, lakini mama hasikii habari za barabara wakati viazi vinaoza. Tukiwa shambani risasi zikaanza upande wa chini, kule tulikotoka, na nyumba za kwanza zikawaka. Kurudi Goma hakukuwezekana tena. Nilijua mahali pamoja tu pa kujificha: jabali la mlimani juu ya mashamba, lililoinama mbele kama paa la baraza, ambako likizo iliyopita nilichimba pamoja na watu wa chuo kikuu.

Waliowahi kuishi chini ya jabali lile walikuwa wawindaji, watu wasiojua jembe wala chuma. Walichonga visu vidogo vya mawe meupe, wakaota moto pale pale kizazi baada ya kizazi, hadi majivu yao yakawa tabaka nene la kijivu. Tuliyachota polepole, tukayachekecha kutafuta mifupa na vijiwe, na yaliyobaki tukayarundika pembeni chini ya turubai ili baadaye tufukie shimo. Kisha vita vikakaribia, wenzangu wakaondoka, na rundo likabaki.

Tulikimbilia huko, tukalala chini ya jabali, na asubuhi mama aliamka na homa.

"Nasikia baridi, mama," akaniambia. Akitaka kitu kutoka kwangu huniita mama. "Uniwashie moto kidogo tu."

Nilikataa. Kisha nikatazama midomo yake, nikawasha. Nilikuwa na hasira naye, na viazi vyake, na mimi mwenyewe niliyekubali kuja, nikapuliza kuni huku machozi yakinitoka, na hayakuwa ya moshi peke yake.

Maji niliyoyateleka katika sufuria ya mama hayajachemka, nikasikia sauti za wanaume zikipanda mlima.

Moshi haukunitisha sana, maana bonde zima lilinuka moshi siku ile. Nililiogopa lile jiko letu la mawe matatu. Kazi yangu mahali pale ilikuwa kusoma alama za watu: majivu, maganda, udongo uliokandamizwa pale mtu alipoketi. Nilijua mtu anavyoacha ushahidi hata akikaa asubuhi moja, na nilijua kwamba atakayegusa majivu yale ya moto hatatafuta mbali.

Nikamwaga maji kwenye majani yenye umande. Nikayatawanya makaa na kuyatupa mawe. Nikachota majivu ya watu wa zamani kwa sufuria ile ile, nikamwaga juu ya yetu, tena na tena, nikayasawazisha. Nikafagia nyayo zetu kwa tawi, kama tulivyokuwa tukifagia kabla ya kupiga picha za shimo. Kisha nikamsukuma mama ndani ya ufa wa mwamba, na sufuria yake, nikajibana mbele yake. Alikuwa na kikohozi. Akajaza kitenge mdomoni.

Wakaingia wawili, na bunduki. Nyuso sikuziona, niliona buti. Mmoja akaokota kijiwe chenye makali, akakigeuza, akakitupa.

"Hapa batu balikuwa," akasema.

"Leo?"

Akachuchumaa. Nikaona mkono wake ukishuka juu ya majivu, vidole vimetanuka, ukatulia. Nyuma yangu kifua cha mama kilikuwa kikinipiga mgongoni, kikohozi kikimpanda, naye akikimeza. Nilimwomba Mungu. Na mimi, ambaye sikosi misa ya Jumapili, nikawaomba na wale wawindaji, bila aibu yoyote, majivu yao yatoshe.

"Hapana," akasema yule mtu. "Iko baridi. Hii ni ya zamani."

"Basi tuende."

Buti zikashuka. Tulibaki mle ufani hadi sauti zikaisha kabisa, ndipo mama akatoa kitenge mdomoni, akakohoa mpaka akatapika.

"Balishaenda?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Balishaenda, mama."

Nikatambaa hadi kwenye majivu. Alama ya mkono wake ilikuwa bado pale, na vidole vyote. Nikaweka kiganja changu juu yake. Palikuwa pameanza kupata joto.