Picha Iliyokula Moshi

Nakumbuka Ijumaa moja pale Emali, mwanangu, nilipokaribia kumharibia bibi harusi siku yake huku nikijipongeza. Nilikuwa na mwaka mmoja tu saluni, lakini ungenisikia ungedhani nywele niliziumba mimi.

Ndinda alikuwa anaolewa kesho yake. Aliniletea picha ya nyanya yake, ambaye sote tulimwita Susu, siku alipoolewa yeye: nywele zimeinuliwa juu ya kipaji na kukunjwa, rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Alitaka vivyo hivyo ili amfurahishe Susu, maana ndiye aliyemlea. Mwenye saluni aliniambia nisubiri Susu afike kutoka Sultan Hamud, nimwulize kwanza. Nikamjibu kwamba macho ninayo.

Basi nikampaka Ndinda rangi, nikatafuta nywele za kuongezea za kahawia, nikashona, nikakunja. Zikalingana na picha kabisa, sikudanganyi.

Saa kumi Susu akaingia, akauliza ni nani amemuunguza mjukuu wake kichwa. Ndinda akamwonyesha picha. Susu akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Hii picha imekaa jikoni kwangu miaka yote, ikakula moshi," akasema. "Nywele yangu ilikuwa nyeusi tii. Na hapo juu tuliweka nyuzi za mkonge ndio isimame. Si mngeniuliza? Mimi niko."

Ndinda akaangua kilio. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini Susu alijifunga leso kiunoni, akasema tuanze upya. Nikarudisha rangi nyeusi, nikabadilisha zile za kuongezea, naye akiwa nyuma yangu akiniongoza: kunja hapa, bana pale. Tulicheka sana jioni ile.

Kesho yake Ndinda alipoingia kanisani, Susu alilia, akaninong'oneza kwamba amejiona mwenyewe akiwa msichana.

Mwanangu, siku hizi mnatafuta mitindo ya zamani kwenye simu, nami nafurahi kuiona inawapendeza. Ila kabla hujafungua rangi, mwulize aliyekuwepo. Usione haya, sisi wazee hupenda sana kuulizwa. Susu tulimzika mwaka uliofuata, na kila nikikunja nywele namna ile huwa nina swali jipya la kumwuliza.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akuwekee kwa muda mrefu watu wa kuwauliza.