Kusema "Mimi" kwa Niaba ya Kanali

Siku ya kwanza kazini nilifika Arusha na gauni jipya lililoshonwa Kiboriloni, bila kunywa chai kwa hofu. Mkuu wa Wakalimani, mzee mfupi aliyekuwa akinyoosha tai yake hata pale ilipokuwa imenyooka, aliitikia shikamoo yangu bila kuniangalia. Akanipandisha kwenye kibanda cha vioo kilichokuwa juu ya ukumbi wa mikutano, akanivisha visikilizio.

"Humu ndani wewe huna jina," akasema. "Mjumbe akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Sitaki kusikia 'anasema kwamba'. Akitukana, tukana. Akilia, usilie, ila maneno yake yatoke yote."

"Na nikiona neno litaleta ugomvi, mzee?"

"Ugomvi ni wao na neno ni lao. Ukililainisha, umemdanganya mtu aliyesafiri kuja kulisikia."

Nawaeleza vijana mnaoitamani kazi hii. Ukalimani wa papo kwa papo ni kukimbia nyuma ya mtu kwa nusu sentensi: yeye anaongea Kifaransa, wewe unatoa Kiswahili, na huku sikio linapokea sentensi inayofuata. Kichwa kinachoka upesi, ndiyo maana mnakaa wawili kibandani na kupokezana. Wenzangu waliniambia hofu huisha baada ya mwaka wa kwanza. Yangu haikuisha. Kila asubuhi niliikuta mlangoni na kuingia nayo.

Nilifanya mikutano ya forodha, ya maji ya ziwa, ya mifugo inayovuka mipaka, ya wakimbizi. Majirani zangu kijijini Mwika waliniuliza kwa nini mataifa yasigombane makwao, yaje kutujazia hoteli. Swali zuri, na jibu nililiona kwa macho yangu. Hakuna anayekubali kwenda kuzungumza nyumbani kwa adui yake, maana ataonekana ameenda kuomba. Wanahitaji mji ambao wote ni wageni, wote wanauliza choo kiko wapi, wote wanalalamika kwamba usiku kuna baridi. Nimewaona mawaziri wasiosalimiana wakianza kuongea kwa sababu ya blanketi.

Mkuu wangu alipostaafu, nikawa chini ya Mkurugenzi wa Mikutano, mama asiyepandisha sauti, na ndiye aliyenipeleka Moshi. Pande mbili za vita katika nchi moja jirani zilitaka kikao cha faragha, mbali na waandishi wa habari waliojaa Arusha. Wakapewa hoteli tulivu mjini kwetu. Kila aliyeingia aliacha simu getini na kula kiapo cha siri: kinachosemwa ndani hakitoki, hata kwa ishara, mpaka wenyewe watakapokitangaza.

Nilimwambia Mkurugenzi kwamba mdogo wangu Elisante, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa mwanajeshi wa kulinda amani katika nchi hiyohiyo.

"Mwenzako mmoja anaumwa, na sina mwingine," akasema. "Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Sikujua ninachokisema.

Msuluhishi alikuwa jaji wetu mstaafu, mtu wa kunywa maji ya moto na kusikiliza akiwa amefumba macho. Asubuhi ya pili alikitaja kituo cha walinzi wa amani kilichozingirwa, akauliza nani atahakikisha usalama wao. Jina la kituo hicho nililijua. Ndipo barua za Elisante zilipokuwa zikitoka. Kanali aliyeongoza upande mmoja akavuta kipaza sauti, akaongea Kifaransa taratibu, na mimi nikamfuata kwa Kiswahili:

"Mimi sibebi dhamana ya uhai wa askari hao. Hakuna aliyewaita. Wakifa, mimi sitawalilia."

Niliyasema yote. Mwenzangu kibandani alinishika mkono, akauliza kwa macho kama apokee, nikakataa. Niliogopa kwamba nikinyamaza nitapiga kelele. Chini ukumbini Msuluhishi alifumbua macho, akakitazama kibanda chetu, kisha akatangaza mapumziko ya chai.

Hapo ndipo askari wa geti aliponifuata kwenye korido.

"Dada, kuna mama getini ana mkungu wa ndizi, anatoka sokoni Kiboriloni. Anasema ni mama yako. Amesikia redioni kwamba kambi ya Elisante imezingirwa. Anasema wewe unakaa na wakubwa, umtumie neno moja tu. Mtoto yuko hai?"

Nilikuwa nimemwambia tu hoteli ninayofanyia kazi wiki hiyo. Nilichokijua sikuruhusiwa kukisema, na alichokiuliza sikukijua. Ningemwambia yuko salama, ningekuwa mwongo. Ningemwambia aombe, angejua.

"Mwambie niko kazini," nikasema.

Tuliporudi, Msuluhishi hakumkaripia Kanali wala hakumhubiria. Alimwomba tu arudie maneno yake, ili kila upande uyaandike sawasawa. Kanali alivuta kipaza sauti, akakisukuma tena. Kulisema jambo kwa hasira ni rahisi, kulirudia wenzako wakiwa wameshika kalamu ni kazi nyingine. Hatimaye akasema, na mimi nikasema:

"Nilichosema ni kwamba kwangu mimi ni vigumu kuwahakikishia usalama."

Nakiri nilitamani kurudia yale maneno yake ya kwanza badala ya haya. Nilikuwa nimemchukia kwa moyo wangu wote, na kumtolea sauti ya upole kuliniuma kuliko kumtolea ile ya ukatili. Lakini alisema vigumu, nami nikasema vigumu, na kwa sauti yake ileile ya chini.

"Vigumu," Msuluhishi akasema. "Haya. Tuambie, ugumu uko wapi?"

Wakaanza kutaja ugumu mmoja baada ya mwingine: daraja, kizuizi cha barabarani, kamanda asiyetii amri. Siku iliyofuata walitia saini barabara ifunguliwe, majeruhi na walinzi wa amani watoke. Wengine walikuwa wameshakufa. Elisante alitoka na risasi begani.

Krismasi ile alikuja nyumbani. Watu walijaa uani, mbuzi akachinjwa, na mama akasimama mbele ya wageni.

"Nililia peke yangu kwenye lile geti," akasema. "Huyu dada yake alikuwa ndani anakunywa chai na Wazungu. Akaniletea jibu kwa askari, yuko kazini!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Alilirudia kila Krismasi, na mwishoni hakuwa anatania tena.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama mikutano ile inasaidia chochote, au ni posho tu. Nawajibu kwamba nimeona mtu akirudi nyuma kutoka kwenye neno lake kwa sababu palikuwa na chumba cha kurudia nyuma, na watu waliookoka kwa sababu ya hatua ile. Zaidi ya hapo sidai.

Mwaka huu Kanali, mzee sasa, alisimulia kikao kile redioni, kauli zake zote mbili, na sauti ya mwanamke iliyozitoa kwa Kiswahili. Elisante alimsikia, akapanda Mwika siku hiyohiyo.

"Dada, ile sauti ya Kiswahili ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu."

Aliinamisha kichwa, akawa anafuta macho kwa kiganja. Sasa nilikuwa huru kusema. Lakini mama tulikuwa tumeshamzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, akiamini kwamba siku ile aliogopa peke yake.