Gavana Aliyesimama Kabla ya Daraja

Orval Stensrud alikuwa daktari wa mifugo kwa miaka ishirini na miwili kabla hajawa gavana wetu. Mimi, Dwight Kobza, polisi wa jimbo, nilimwendesha mihula yote miwili. Magazeti yamemwita mkaidi, na moja likamwita mume asiye na moyo. Walioandika hawakuwepo darajani. Mimi nilikuwepo, na laiti nisingekuwepo.

Alishinda kwa kuzunguka mashambani na gari bovu akiahidi jambo moja: hospitali ndogo za wilayani hazitafungwa. Ya kwetu Almeda ilikuwa na vitanda kumi na viwili tu, lakini mama yangu, mgonjwa wa figo, alikuwa akisafishwa damu pale mara tatu kwa wiki.

Mwaka wake wa sita, wabunge wakapitisha muswada wa kuzifunga. Orval akasema ataukataa. Wakati huohuo mkewe, Maribeth, alikuwa amelazwa ng'ambo ya mto, kwenye hospitali kubwa ya jimbo jirani, saratani imeshafika kwenye ini. Na katiba yetu ina kituko chake: gavana akitoka nje ya jimbo, hata kwa nusu saa, makamu ndiye gavana mpaka arudi. Makamu alikuwa Grady Pruitt, wa chama kingine, na huo muswada aliutaka kufa na kupona. Kwa hiyo Orval alikuwa akimtembelea mkewe Jumapili tu, bunge likiwa limelala.

Alhamisi moja ya Machi hospitali wakapiga simu asubuhi: njoo leo. Tulikuwa tumebakiza mita mia kufika darajani simu ya gari ilipolia, nikasimama kando. Ni Nadine, katibu wake.

"Gavana, usivuke! Karani wa bunge kaukalia muswada makusudi, hajauleta kwako. Wanajua uko wapi. Ukifika ng'ambo tu, wanampelekea Pruitt atie sahihi."

Orval akafumba macho. "Potelea mbali. Dwight, vuka."

Sikuondoa gari. Mpaka leo naona aibu kuyaandika haya.

"Mheshimiwa, ukivuka, mama yangu amekwisha. Ngoja saa moja tu. Nadine atamkaba karani, atauleta."

Akatazama saa yake. "Saa moja," akasema.

Zikawa tatu. Karani alikuwa kwenye chakula, kisha ufunguo haukuonekana, kisha muhuri. Sisi tulikaa kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta, hospitali tunaiona dirishani. Mhudumu aliyemfahamu tangu enzi za ng'ombe akamtania, "Vipi, daktari, umeanza kuogopa maji? Au kule hawana pai?"

"Pai yako ndiyo inayoniogopesha, Wilma," akajibu, akacheka kwa adabu. Kisha akaenda kwenye simu ya ukutani kumwuliza nesi kama mkewe bado anaongea. Alienda mara nne. Mara ya nne alirudi, akakaa, akaanza kukunja na kukunjua leso ya karatasi.

Nadine akafika mbio na muswada mkononi. Orval akaandika kwamba anaukataa, palepale juu ya boneti, akatia sahihi. Tukavuka. Toka pale hadi mlango wa hospitali ni dakika nne.

Nesi alitukuta kwenye korido. "Amefariki dakika ishirini zilizopita, bwana. Alikuwa anauliza kila mara umefika wapi. Nikamwambia uko kwenye lifti."

Siku tisa baadaye wabunge walikusanya theluthi mbili ya kura ili kutengua kukataa kwake, kura mbili zaidi ya zilizohitajika, na muswada ukawa sheria bila yeye. Almeda ilifungwa Juni. Mama yangu alifia njiani mwezi Oktoba, kwenye gari la dada yangu, akipelekwa kusafishwa damu maili tisini na moja kutoka nyumbani. Saa zile tatu hazikumfaa mtu yeyote.

Niliendelea kumwendesha Orval miaka miwili mingine. Hakunilaumu hata siku moja, na nilitamani anilaumu. Siku yake ya mwisho kazini nilimfikisha kwake, nikamshushia masanduku, nikashindwa kujizuia.

"Nisamehe, Gavana. Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Hukunifunga kamba, Dwight. Miguu ilikuwa yangu." Akanipa mkono, akaushika kidogo. "Ila hapa nyumbani usije tena."