Kupika Hadharani Mwaka wa Njaa

Niliondoka Makole kwa sababu ya kifua cha mwanangu. Neema ana miaka mitatu. Alikuwa kwa bibi yake, mama wa mume wangu, kijijini huko Chamwino, tangu baba yake apunguzwe kazi serikalini tukabaki kwenye chumba kimoja tunaishi kwa maandazi yangu. Habari ilinikuta sokoni: mtoto anakohoa mpaka anatapika, na mganga wa zahanati amesema aondolewe kwenye moshi. Aondolewe apelekwe wapi? Hilo hakusema.

Wiki hiyo hiyo mradi mmoja ulikuwa unatufundisha kina mama jiko la jua katika ukumbi wa kanisa. Ni sanduku la mbao lenye kioo juu na kifuniko cha bati linalong'aa. Mtaalamu alipika wali mbele yetu bila kuwasha kiberiti, tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kisha nikaomba jiko moja.

Alfajiri nilipanda lori la chumvi. Utingo alilitazama sanduku langu, akacheka.

"Dada, unakwenda kufungua saluni porini?"

"Nakwenda kumpikia mwanangu. Wewe funga kamba vizuri."

Buigiri nilishuka, nikajitwisha mzigo, nikashika njia ya miguu. Mtama ulikuwa umekauka huku na huku, haujafika hata magotini. Niliuona, nikapita. Mimi nilikuwa nawaza moshi tu.

Mchana nilifika. Tembe la mama mkwe lilikuwa linatoa moshi mlangoni kama limeshika moto, na Neema alikuwa humo ndani, amechuchumaa karibu na mafiga. Nilimtoa nje kabla sijamsalimia mtu.

"Mbukwenyi, mama Neema," mama mkwe alisema, akinifuata. "Au huko mjini salamu mmeziacha?"

"Shikamoo, mama. Huyu mtoto atakufa humu."

"Marahaba. Mbona hajafa?"

Kesho yake asubuhi niliweka jiko mbele ya nyumba, penye jua kamili, nikatia maharage niliyotoka nayo mjini. Yalikuwa ya kumtosha Neema siku kadhaa.

"Lirudishe ndani," mama mkwe alisema.

"Ndani hakuna jua, mama."

"Basi liache."

Hakueleza. Nikajisemea kimoyomoyo, ushamba tu huu, nikabaki pale najipepea kwa kanga. Jiko la jua halina haraka. Maharage yalikaa asubuhi nzima chini ya kioo, kila apitaye anayaona.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee jirani. "Mke wa mwanetu anapika bila moto! Basi na sisi tutakula bila kutafuna." Akacheka, akakaa. Akaja mwanamke mmoja na watoto wawili, akasema amekuja kutazama maajabu. Akakaa. Watoto wale hawakutazama maajabu. Walitazama sufuria. Wengine pia wakaja, na hakuna aliyeomba kitu.

Maharage yalipoiva, mama mkwe alinawa mikono, akatabasamu vizuri kabisa, akasema, "Karibuni chakula." Alianza na mzee, akafuata wageni, kisha watoto wa wageni. Neema alipata mchuzi.

Wageni walipoondoka nilipasuka. "Mama, umegawa chakula cha mgonjwa!"

"Nani aliyekipika njiani?" Sasa na yeye sauti ilikuwa juu. "Huku mtu akikuona unakula, unamkaribisha. Mwaka wa mavuno hata hatufungi mlango. Mwaka huu kila mmoja anapika ndani, hakuna anayemwona mwenzake, hakuna anayemlaumu mwenzake. Unafikiri mimi moshi naupenda? Macho yangu haya hayaoni tena tundu la sindano!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Jioni alirudi kwenye mafiga, akampikia mjukuu wake uji wa unga wa mwisho mwisho. Neema alikohoa mpaka akautapika. Bibi yake akageukia ukutani. Nikasema nitamchukua. Hakubisha. Aliuliza tu, "Utamlisha nini?"

Asubuhi nilimfunga Neema mgongoni, tukarudi Buigiri kutafuta lori. Jiko nililiacha.

Makole nilikwenda moja kwa moja ukumbini. Mtaalamu aliniuliza kama wanakijiji wamelipokea jiko. Nikamweleza yote. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema inabidi waelimishwe zaidi.

Nikamwambia: "Kaka, siku mkeo amebakiza kibaba kimoja, itoeni sufuria barabarani mkae nayo mpaka mchana. Halafu uje unielimishe mimi."

Aliwageukia waliokuwa wanasubiri kupewa majiko yao.

Jua lao halina kosa, na mama mkwe wangu si mjinga. Mjinga ni aliyekuja na sanduku bila kuuliza watu wanakulaje, na mimi niliyembebea sanduku lake mpaka mlangoni. Neema sasa analala katikati yetu. Kikohozi kinapungua. Usiku anaamka kwa njaa.