Nyimbo Mia Mbili Kando ya Ndiva

Simu yangu ya kwanza ya kupangusa niliipenda kupita kiasi, sina la kuficha. Kijijini kwetu, juu huku upande wa Chome, mtandao ni wa kuwinda: unapanda kwenye jiwe karibu na kanisa, unainua mkono, unasubiri. Kwa hiyo nyimbo zangu nilizifuata Same. Siku moja ya soko nilishuka na mama. Yeye akaenda kuuza maharage, mimi nikaenda kwenye kibanda cha kijana aliyekuwa akiingiza nyimbo kwenye memori kadi.

"Bongo fleva au kwaya, dada?" akaniuliza.

Nikamwambia aweke zote mpaka kadi ijae. Nikarudi mlimani na nyimbo mia mbili na spika mpya za masikioni, na tangu hapo mama alikuwa ananiita mara tatu ndipo niitike.

"Wewe mtoto," alisema, "siku moja nyumba itaungua umo ndani unatikisa kichwa."

Nilicheka sana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajiona nina akili kuliko watu wote wa kijiji.

Kwetu tunamwagilia kwa ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi maji yanatolewa kwa zamu, na kila nyumba ina siku yake ya kutoa mtu wa kukaa pale juu kulinda. Kazi yenyewe nyepesi. Unachomoa kizibo, maji yanashuka mferejini mpaka shambani kwa mwenye zamu, naye yakimtosha anaita kutoka kule chini. Ukimsikia unaziba, unageuza mfereji, unamfungulia mwingine. Hakuna cha kupigiana simu, ni koo na masikio tu.

Siku ya zamu ya nyumba yetu mama alikuwa amekwenda tena sokoni, kama nusu ya kijiji, nikabaki mimi. Wa kwanza kupata maji alikuwa jirani yetu mmoja mzee. Si babu yangu wa damu, ila babu ndivyo nilivyomwita tangu utotoni. Nyonga yake mbovu, anatembelea fimbo, lakini sauti, weee! Kanisani aliimba besi, na watu walimtania kwamba akipiga chafya huku, Ndungu kule wanasema afya. Wa pili alikuwa mama mmoja mjane mwenye watoto wanne, shamba lake liko nyuma ya kigongo.

Nikachomoa kizibo, nikakaa kwenye nyasi, nikaweka spika masikio yote mawili. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilijiambia nyimbo mbili tatu tu, shamba la babu halilowi haraka. Nikasikiliza, nikaimba, nikafumba macho. Kilichonizindua ni simu kuisha chaji. Hapo ndipo nikamsikia yule mama mjane anapanda kilima huku anapiga kelele, maji yangu yako wapi, maji yangu yako wapi. Nikageuka kutazama ndiva. Tope tupu. Loo!

Kitu cha kwanza nilichofanya, hata kabla sijaziba lile tundu, ni kuzisokomeza spika kifuani, ndani ya gauni. Yaliyotangulia yote ni uzembe. Ubaya wangu ulianzia hapo.

Jioni kamati ya maji ikakaa. Shamba la babu limefurika mpaka matuta yamebomoka, la mjane kavu, na maharage yake ndiyo kwanza yametoa maua. Wakasema babu amenyamaza makusudi ili ajivutie maji yote. Babu akasimama na fimbo yake.

"Niliita," akasema. "Niliita mara tatu. Nilipoona maji hayapungui nikaanza kupanda mwenyewe, nikafika nusu ya njia."

Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, wewe ndiye uliyekuwa juu. Alikuita?"

"Sikumsikia," nikasema.

Na ni kweli, jamani! Hakuna neno la uongo hapo, na nilijua watalichukuliaje. Babu akanyang'anywa zamu mbili, akapewa mjane. Wakati wa kiangazi, zamu mbili ndizo maharage yote. Alipokaa hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kidogo, kisha akajishika koo.

Matuta yaliyobaki yalikauka nikiyaona kila nilipokwenda kuchota maji. Jumapili moja nikaona nafasi yake kwenye kwaya iko wazi. Mama akaniambia mzee amejitoa mwenyewe, amesema sauti imekwisha, haifiki tena. "Uzee huo," mama akasema, na mimi nikaendelea kumenya ndizi. Laiti ningeweza kusema nilizifuta nyimbo zile kwa majuto. Sikuzifuta. Niliendelea kuzisikiliza, ila sikio moja tu, utadhani hilo lilikuwa linamsaidia mtu.

Baadaye nikapata kazi dukani Same, nikawa napanda nyumbani mara chache, na nikipanda namkwepa. Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwaka huu zamu ya kulinda ilinikuta nyumbani, mama magoti yanamuuma, nikaenda mimi. Simu nikaiacha kitandani. Nikamfungulia babu maji, nikatega masikio. Hakuita. Muda ukapita, nikamwona anapanda na fimbo yake, hatua kumi anasimama, hatua kumi anasimama. Alifika anahema, shati limelowa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Funga, yametosha. Baada ya huyu mwenzangu utanifungulia tena kidogo, nimwagie mboga."

"Babu, kwa nini hukuita tu?"

"Aa, siku hizi haifiki," akasema. "Si wewe mwenyewe ulisema hukunisikia?"

Hapo nikashindwa. Nilimweleza yote, spika, nyimbo, chaji, gauni, nikilia kama mtoto. Alinisikiliza huku ameegemea fimbo.

"Kwa hiyo niliita," akasema.

"Uliita, babu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeziba masikio."

"Nimepanda huku miaka mitatu," akasema. "Na kwaya nikaacha."

Hakunitukana. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuomba. Niliahidi kwenda kwa mwenyekiti jioni ileile, akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaanza kushuka.

Nikamfungulia mwenzake, na zamu ya mboga ilipofika nikafungua maji ya babu. Nikakaa wima, masikio wazi. Nilisikia maji mferejini, mbuzi wa mtu, mtoto akilia mbali huko. Moyoni nilikuwa nasema ita babu, ita mara moja tu, hata kwa kunitukana. Nilisubiri hivyo mpaka nikasikia fimbo yake ikigonga mawe. Alikuwa ameshafika nusu ya njia.